Binti ya Shylock

Aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, bila shaka anamkumbuka Shylock. Je, bintiye Jessica? Wanafunzi wangu humruka. Baba anachukiwa kwa Uyahudi wake. Binti anapendwa, mradi achukue dhahabu ya babake, atoroke na Lorenzo, aingie Ukristo. Hata hapo haponi: mtumishi Launcelot anamtania kwamba Wayahudi wakibatizwa hivi, bei ya nguruwe itapanda!

Wafaransa walimpa mwanamke wa aina hii jina: “Myahudi mrembo”. Mnamo 1946, Jean-Paul Sartre alieleza kuwa maneno hayo yananuka ubakaji na mauaji. Kuyatafsiri kwanitatiza. Kiswahili hakina umbo la kike la “Myahudi”, na “Myahudi mrembo” kwetu lasikika kama sifa tu.