Mwaliko wa Asubuhi: Asili ya Meza ya Marafiki



Katika lugha yetu chakula cha kwanza cha siku kina majina mengi. Wako wasemao kifungua kinywa, wako wasemao chamshakinywa, na wengi wa watu wa pwani husema staftahi, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kufungua. Waingereza nao hukiita "breakfast", yaani kuvunja saumu, ile saumu ya usiku. Mataifa haya hayakushauriana, lakini maneno yao yamekutana mahali pamoja: usiku kinywa kimefungwa, na asubuhi hufunguliwa. Tena kinywa hakifunguliwi kwa kula tu. Hufunguliwa kwa kusema pia. Leo nataka kuwaelezeni jinsi watu wa Uingereza walivyofikia desturi ya kuwaalika marafiki na jamaa wachache nyumbani kwao asubuhi, wakala na kuzungumza bila haraka. Nanyi mtaona ya kuwa habari hii ina mambo mazito kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza yatupasa kujua habari za saa. Miaka 500 iliyopita chakula kikuu cha Waingereza hakikuwa cha jioni. Watu wengi walikila saa nne au saa tano asubuhi. Sababu yake ni nyepesi: waliamka alfajiri, na mshumaa ulikuwa ghali, basi kupika na kula kulifanywa kwa nuru ya jua. Kabla ya hapo, aliyeona njaa alikula mkate na kunywa bia hafifu, akaenda zake kazini. Haikuwa desturi kumwita mgeni kwa ajili ya mkate huo.

Baadaye watu wenye mali wakaanza kukisogeza mbele chakula kikuu, kidogo kidogo. Katika miaka ya 1700 wengi katika wao walikula alasiri, na hata ilipofika miaka ya 1800, meza kubwa za London ziliandaliwa saa kumi na mbili au saa moja jioni. Hapo asubuhi ikabaki na nafasi pana iliyo tupu, na nafasi hiyo ikahitaji kitu cha kuijaza.

Kilichoijaza ni vinywaji vitatu vilivyotoka mbali: kahawa, chai na chokoleti. Kahawa asili yake ni Ethiopia, na watu wa Yemen waliinywa muda mrefu kabla haijafika Ulaya. Nyumba ya kahawa ya kwanza katika London ilifunguliwa mwaka 1652 na mtu aitwaye Pasqua Rosée. Chai ilitoka China, na kwa muda mrefu ilikuwa kinywaji cha matajiri, kwa sababu ushuru wake ulikuwa mzito mno. Mwaka 1784 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 119 hata asilimia 12 na nusu. Magendo ya majani ya chai yakapungua, na chai ikaingia katika nyumba za mafundi na vibarua. Tofauti na bia, vinywaji hivi vilimwacha mtu na akili zake timamu, na kikombe cha moto hakinywewi kwa pumzi moja. Mtu hukaa akisubiri kipoe, na akisubiri husema.

Lakini, ndugu zangu, chai ya Waingereza ilitaka sukari, na sukari ilitaka watu. Katika visiwa vya Jamaika na Barbados miwa ililimwa, ikakatwa na kusagwa na Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika ya Magharibi, wakavushwa bahari katika minyororo. Bibi wa London aliyemkaribisha rafiki yake kwa upole na kumwuliza, "Nikutilie vijiko vingapi?" hakuyaona mashamba yale. Sukari ilikuwa nyeupe na safi, na bakuli lake lilikuwa la fedha.

Ikafika siku wakaambiwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1791 Bunge la Uingereza liliukataa mswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa, kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka huo huo mtu aitwaye William Fox alichapa kijitabu kuwasihi watu waache kula sukari iliyotokana na jasho la watumwa. Kijitabu hicho kikaenea sana. Thomas Clarkson, aliyesafiri nchi nzima kwa ajili ya kazi hii, alikadiria ya kuwa watu wasiopungua 300,000 waliiacha sukari. Wanawake wa wakati ule hawakuwa na kura, lakini meza ya asubuhi ilikuwa mikononi mwao, nao wakaitumia. Walio wengi wakanywa chai bila sukari, na wengine wakanunua sukari ya India. Mgeni aliyeketi na kuliona bakuli halipo aliuliza sababu, na kwa kuuliza kwake mazungumzo yakaanza. Biashara ya watumwa katika himaya ya Waingereza ikapigwa marufuku mwaka 1807. Sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe ilipitishwa mwaka 1833, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Lakini wengi wakalazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana zao wa zamani mpaka mwaka 1838.

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili lilikuwa la ng'ambo tu. Katika bonde la mto Pangani, katika nusu ya pili ya miaka ya 1800, miwa ililimwa na watumwa pia, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Meza zetu nazo zina historia yake.

Sasa natuingie katika nyumba moja ya London, tuone mwaliko wenyewe ulivyokuwa. Samuel Rogers alizaliwa mwaka 1763, mtoto wa mwenye benki. Alikuwa mtunga mashairi, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1792 kilimpatia sifa kubwa. Hakuoa. Mwaka 1803 alihamia nyumba yake katika St James's Place, ambayo madirisha yake yalitazama bustani ya Green Park, naye akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1855. Katika nyumba hiyo alikuwa akiwaalika watu asubuhi, mwaka baada ya mwaka, kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini. Wordsworth, Walter Scott na Macaulay ni miongoni mwa watu waliokaribishwa nyumbani mwake. Ukutani zilitundikwa picha nzuri, nyingine za mafundi wakubwa wa Italia, na kwa wosia wake baadhi ya picha hizo zilipewa National Gallery, ambako watu wote huweza kuzitazama.

Watu walipenda kwenda kwa Rogers kwa sababu wageni walikuwa wachache. Wazee wa Roma walikuwa na kanuni ya kale, inayotajwa kwa jina la Varro, ya kwamba walao pamoja wasipungue watatu wala wasizidi tisa. Wakipungua, maneno hukauka. Wakizidi, meza hugawanyika makundi makundi na hakuna amsikiaye mwenziwe. Rogers alijua kanuni hii kwa vitendo. Tena mwaliko wa asubuhi haukuwa na fahari ya jioni: hapakuwa na mavazi ya heshima kubwa, wala vyakula vya namna kumi, wala mashindano ya nani aketi karibu na mkubwa. Huhadithiwa ya kuwa Macaulay alisema maneno ya maana hii: karamu ya jioni ni desturi tu, bali ukimwita mtu asubuhi ni kwa sababu wataka kumwona yeye mwenyewe.

Walakini tusifichane. Ili Rogers na wageni wake waketi kwa starehe, kulikuwa na watu walioamka gizani. Wako waliowasha moto wa makaa, waliochota maji, waliokanda mkate, waliopanga vikombe, na baada ya wageni kuondoka wakaviosha. Historia imeyaandika majina ya walioketi. Ya waliosimama haikuyaandika. Hili ni jambo la kukumbuka kila tusomapo habari za mikutano mizuri ya zamani.

Mwaka 1895 mwandishi Mwingereza, Guy Beringer, alichapisha makala katika gazeti liitwalo Hunter's Weekly. Alishauri ya kwamba siku ya Jumapili watu waache kula mara mbili, asubuhi na mchana, bali wale mara moja tu, karibu na saa sita. Meza ianze kwa chai au kahawa, kisha vije vyakula vizito zaidi. Jina la chakula hicho ni "brunch", neno lililofanywa kwa kuunga mwanzo wa "breakfast" na mwisho wa "lunch", yaani chakula cha mchana. Sababu alizozitoa zilikuwa za furaha: aliyechelewa kulala Jumamosi hatalazimika kuamka mapema, na watu wakikutana hivyo watachangamka, watazungumza, na kusahau taabu za juma zima. Mwaka uliofuata gazeti la mzaha liitwalo Punch lililicheka neno hilo jipya. Hata hivyo neno likaishi, likavuka bahari hata Marekani, na huko likapata nguvu kuliko kwao.

Lakini mzaha wa Beringer ulikuwa na faida ambayo ilionekana wazi baadaye. Baada ya vita vya 1914 hata 1918, na zaidi baada ya vita vya 1939 hata 1945, nyumba nyingi za Uingereza hazikuwa tena na watumishi. Mwenye nyumba alipika mwenyewe na kuosha mwenyewe. Kwake yeye, chakula kimoja badala ya viwili ni moto mmoja badala ya mioto miwili, na vyombo vya mara moja badala ya mara mbili. Mwaliko ulioanza kama starehe ya wenye nafasi ukawafaa watu wenye kazi nyingi.

Katika vita hivyo vya pili mwaliko ulipata mtihani mkubwa kuliko wote. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ya Uingereza ilianza kugawa chakula kwa kipimo. Kila mtu alipata kwa juma wakia 4 za siagi, wakia 4 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na wakia 12 za sukari. Mwezi wa Julai majani ya chai nayo yakapimwa, wakia 2 kwa juma. Mayai yakafuata mwaka 1941, na mara nyingi mtu mzima alipata yai moja tu kwa juma. Vipimo vilipanda na kushuka, na mambo hayo hayakwisha kabisa mpaka Julai 1954. Fikirini: mtu mwenye yai moja atamkaribishaje mwenziwe?

Walikaribishana. Ikawa si aibu mgeni kuja na sukari yake katika karatasi, au siagi yake kidogo katika kikopo, na mwenyeji hakuona ya kuwa amedharauliwa. Miaka mia na hamsini kabla ya hapo, bakuli la sukari lililokosekana mezani lilikuwa ishara ya kuwakumbuka watu wa mbali. Sasa sukari iliyoletwa katika karatasi ilikuwa ishara ya kumwonea huruma mtu wa karibu. Katika nyakati zote mbili meza ilikuwa na upungufu, na urafiki ulizidi.

Basi historia hii yatufundisha nini? Kwetu ukarimu si kitu cha kufundishwa na mtu. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini wote tumepata kuona karamu iliyomwacha mwenyeji na deni dukani, na wageni mia wakaondoka bila yeye kupata nafasi ya kusema na hata mmoja wao. Tumepata kuona pia mama wa nyumba aliyekesha jikoni, na wageni waliposhiba na kucheka, yeye bado yumo katika moshi. Huyo hakukaribisha rafiki. Amefanya kazi ya kutwa.

Mwaliko wa asubuhi waweza kuyaepuka haya. Waite watu watano au sita, wale ambao kweli wataka kuwaona. Mbaazi za nazi na mahamri, au mihogo ya kuchemsha, au uji na viazi vitamu, na birika la chai, vyatosha. Vingi katika hivyo vyaweza kutayarishwa jana yake. Watoto wachote maji, na wanaume nao wasione haya kubeba sahani. Mgeni akija na kitu mkononi, kipokeeni na kukiweka mezani pamoja na vingine. Na vitu vyote vikiisha kuandaliwa, aliyepika aketi. Asipoketi yeye, meza haijatimia.