Habari za Thomas Stevens, Aliyeizunguka Dunia kwa Baisikeli

Wasomaji wengi mnaijua baisikeli kwa kazi zake: humpeleka mgonjwa kwa mganga, humfikisha mwalimu shuleni, huchukua gunia la mahindi mpaka sokoni. Kwa hiyo twaona vema kuwaeleza habari za mtu wa kwanza aliyeizunguka dunia kwa chombo hiki, na kupima siku moja ya safari yake ilikuwa na taabu gani.

Mtu huyo ni Thomas Stevens, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1854, kisha akahamia Marekani. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka San Francisco, akashika njia ya mashariki. Baisikeli yake haikufanana na zetu. Gurudumu la mbele lilikuwa na kimo cha inchi 50, na la nyuma lilikuwa dogo sana. Mnyororo haukuwapo, pedeli zilifungwa penye gurudumu kubwa lenyewe. Wala mipira yake haikuwa na upepo, maana mpira wa upepo wa Dunlop ulitokea mwaka 1888. Mpandaji alikaa juu, na gurudumu likigonga jiwe aliweza kurushwa kichwa mbele.

Sasa tufanye hesabu. Alifika Boston tarehe 4 Agosti, amekwenda maili 3,700 hivi. Siku alizosafiri hasa zilikuwa 83 na zaidi kidogo. Basi kila siku alipata kadiri ya maili 44. Lakini zaidi ya theluthi ya njia alikwenda kwa miguu, kwa ajili ya mchanga, matope na milima. Zikabaki maili 29 za kupanda. Gurudumu la inchi 50 likizunguka mara moja huenda futi 13 tu. Kwa hiyo kwa siku moja miguu yake ilizungusha pedeli mara 12,000 hivi, mbali na maili 15 za kusukuma. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua lililokuwa pia hema na tandiko.

Mtu wa mzigo mdogo namna hii aliishije? Aliwategemea watu wa njiani, wengine kwa malipo, wengine kwa ukarimu.

Mwaka 1885 aliondoka Liverpool, akapita Ulaya na Uturuki mpaka Teheran. Mwaka 1886 alijaribu kupita Afghanistan, lakini wenyeji walimkamata wakamrudisha Uajemi, ikambidi kufika Bara Hindi kwa meli. Huko China alishambuliwa na umati wa watu, kwa kuwa Wachina walikuwa wametoka vitani na Wafaransa mwaka 1885, na mgeni ni kuku mweupe. Maofisa wa Kichina ndio waliomwokoa. Tarehe 17 Desemba 1886 alimaliza safari Yokohama, amekwenda maili 13,500 hivi za nchi kavu. Twaona basi kwamba ile miguu iliyoshinda milima ya Marekani haikufaa kitu pale wenyeji walipokataa.

Mwaka 1889 Stevens alikuja pwani yetu, ametumwa na gazeti la New York World kutafuta habari za Stanley. Huku alisafiri kwa msafara, na wapagazi walimchukulia mizigo. Yule aliyesifiwa kuizunguka dunia peke yake hakwenda bara ila kwa nguvu za wengine. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1890, na mwandishi aliyetajwa ni yeye peke yake.

Hatusemi haya ili kumpunguzia sifa, maana mizunguko 12,000 kwa siku hakuna aliyemzungushia. Lakini tunapowafundisha watoto habari za wasafiri mashuhuri, na tuwafundishe kuuliza pia: nani alimpa maji, nani alimwonyesha kivuko, nani alichukua mzigo? Hao nao ni watu wa historia, na wengi wao walikuwa wanavijiji kama sisi.