Baada ya mshtuko wa moyo: Lishe ya mgonjwa huanzia katika chungu cha familia

MGONJWA anaponusurika mshtuko wa moyo na kuruhusiwa kurejea nyumbani, jamaa zake humshukuru Mungu na kuamini kuwa hatari imekwisha. Kwa kweli imepungua tu. Aliyewahi kupata mshtuko mmoja yumo katika kundi la watu walio katika hatari kubwa ya kupata mwingine.

Dawa anazopewa hospitalini hupunguza hatari hiyo. Hata hivyo, ipo sehemu ya tiba isiyotolewa katika dirisha la dawa, nayo ni chakula anachokula kila siku katika maisha yake yote yaliyosalia.

Sehemu hiyo hupuuzwa na wengi, na mara nyingi si kwa sababu mgonjwa ni mkaidi. Hurejea kwenye jiko lile lile, chungu kile kile na mazoea yale yale yaliyochangia kumfikisha hospitalini.

UGONJWA HAUKO KATIKA MSHIPA MMOJA

Mshtuko wa moyo hutokea damu inaposhindwa kufikia sehemu fulani ya misuli ya moyo. Kwa miaka mingi, mafuta na lehemu hujikusanya katika kuta za mishipa inayoulisha moyo na kufanya utando. Utando huo unapopasuka, damu huganda mahali hapo, donge likaziba mshipa, na misuli inayoutegemea ikaanza kufa kwa kukosa oksijeni.

Madaktari wanaweza kuliyeyusha donge hilo kwa dawa, au kuupanua mshipa na kuweka ndani yake neli ndogo ya wavu wa chuma ili ubaki wazi. Matibabu hayo huokoa maisha, lakini hushughulikia mahali palipoziba tu. Utando uliomo katika mishipa mingine haukuguswa.

Chakula, kwa upande wake, hugusa karibu kila jambo linaloendeleza ugonjwa huo. Mafuta yanayoganda huongeza lehemu mbaya katika damu. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Sukari na wanga wa nafaka zilizokobolewa, vikizidi, huongeza uzani na kufanya kisukari kiwe kigumu kudhibiti.

Kinyume chake, nyuzinyuzi zilizomo katika maharagwe, mboga na baadhi ya nafaka zisizokobolewa husaidia kupunguza lehemu. Mafuta ya maji yatokanayo na mbegu na njugu hufanya vivyo hivyo yanapochukua nafasi ya mafuta yanayoganda.

WALICHOGUNDUA WATAFITI

Mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana ilianza mwaka wa 1988 jijini Lyon, Ufaransa. Watafiti, wakiwemo Michel de Lorgeril na Serge Renaud, waliwagawa kwa kura wagonjwa 605 walionusurika mshtuko wa kwanza katika makundi mawili. Kundi moja lilipata ushauri wa kawaida. Jingine lilihimizwa kula mkate zaidi, mboga zaidi na samaki zaidi, kupunguza nyama nyekundu, kutokosa tunda hata siku moja, na kuacha siagi na badala yake kutumia mafuta laini ya mimea.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1994, baada ya wagonjwa kufuatiliwa kwa wastani wa miezi 27. Katika kundi la ushauri wa kawaida, watu 16 walikuwa wamefariki kwa maradhi ya moyo na 17 wamepata mshtuko mwingine wakanusurika. Katika kundi lililobadilisha mlo, waliofariki walikuwa watatu na waliopata mshtuko mwingine wakanusurika ni watano.

La kushangaza ni kuwa kiwango cha lehemu katika damu kilikaribiana katika makundi yote mawili. Hiyo ni ishara kwamba faida ya chakula haipimwi kwa kipimo cha lehemu pekee.

Idadi ya wagonjwa hao ilikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo wataalamu walisubiri ushahidi zaidi. Mnamo 2022, watafiti wa Cordoba, Uhispania, walitoa matokeo ya wagonjwa 1,002 wa mishipa ya moyo waliofuatiliwa kwa miaka saba. Waliokula mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, njugu na mafuta ya zeituni walipatwa na matatizo makubwa ya moyo na mishipa mara 87, ilhali waliopewa mlo wenye mafuta machache walipatwa mara 111. Funzo ni kwamba aina ya mafuta ina uzito kuliko kuyakwepa mafuta yote.

Je, aliyekula vibaya kwa miaka 50 amechelewa? Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2013, ukihusu zaidi ya wauguzi na wataalamu wengine wa afya 4,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kuwa waliorekebisha mlo wao zaidi baada ya kuugua walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika miaka iliyofuata kuliko wale ambao hawakubadilika. Ni kweli kwamba anayebadilisha chakula huenda hubadilisha na mambo mengine, na utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha yote. Lakini unaafikiana na yale yaliyoonekana Lyon na Cordoba.

Tembe za virutubisho nazo hazijaonyesha faida kama hiyo. Nchini Uingereza, utafiti wa watu zaidi ya 20,000 uliotolewa mwaka wa 2002 haukupata manufaa yoyote kwa moyo kutokana na tembe za vitamini. Nchini Uholanzi mnamo 2010, wagonjwa 4,837 waliowahi kupata mshtuko walifanyiwa majaribio ya siagi ya mimea iliyoongezwa mafuta ya omega-3, na matatizo ya moyo hayakupungua.

WENGI HURUDIA YALE YALE

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika suala la chakula, takwimu zinaonyesha kuwa wengi walioumwa hawashtuki.

Mnamo 2013, utafiti uliohusisha watu 7,519 waliowahi kuugua mishipa ya moyo au kiharusi katika nchi 17, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe, ulibaini kuwa ni asilimia 39 pekee waliokuwa na mlo bora. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika nchi zenye kipato cha chini.

Madhara ya kutobadilika hayachukui miaka kujitokeza. Uchunguzi wa wagonjwa 18,809 kutoka nchi 41, uliochapishwa mwaka wa 2010, ulionyesha kuwa waliofuata ushauri wa mlo na mazoezi mwezi mmoja baada ya kuugua walikuwa na uwezekano wa kupata mshtuko mwingine katika miezi sita ambao ni takriban nusu tu ya ule wa waliopuuza yote mawili.

Nchini Kenya, tatizo huanza kabla ya ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu vyanzo vya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 94 ya watu wazima hawakuwa wakila sehemu tano za matunda na mboga kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa gramu 400.

VYAKULA VYA HAPA NYUMBANI

Wagonjwa wengi husikia habari za mafuta ya zeituni na samaki wa nchi za mbali, wakakata tamaa kwa kudhani kuwa lishe ya moyo ni ya matajiri. Sivyo. Vinavyohitajika hupatikana katika soko lolote la Kenya.

Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, kunde, terere, managu au kabeji, pamoja na kachumbari isiyotiwa chumvi nyingi. Robo iwe ugali, viazi vitamu, nduma au wali. Unga wa mahindi usiokobolewa, wa wimbi au wa mtama ni bora kuliko ule mweupe. Robo iliyosalia iwe maharagwe, ndengu, mbaazi, njahi, samaki au kuku aliyeondolewa ngozi.

Githeri, chakula cha kila siku katika nyumba nyingi, ni mlo mzuri kwa moyo usipojazwa mafuta na chumvi. Parachichi, korosho na njugu karanga zisizotiwa chumvi zina mafuta yanayofaa, ila huliwa kwa kiasi kwa kuwa hunenepesha zikizidi.

Samaki wenye mafuta, kama vile omena wa Ziwa Victoria, vibua na jodari wa Pwani, wanafaa kuliwa mara moja au mbili kwa wiki. Utafiti wa Wales wa mwaka wa 1989, uliowahusu wanaume 2,033 waliopona mshtuko, ulionyesha kuwa walioshauriwa kula samaki wa aina hiyo walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 29 katika miaka miwili. Ingawa tafiti zote za baadaye hazikukubaliana na matokeo hayo, samaki anapochukua nafasi ya nyama nyekundu mgonjwa hapati hasara. Lakini samaki aliyezamishwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, au ng'onda aliyekaushwa kwa chumvi, ni jambo jingine.

Mafuta magumu ya kupikia, samli na siagi yapishe mafuta ya maji kama ya alizeti, nayo yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Mapishi ya Pwani hayana haja ya kuachwa yote: wali unaweza kupikwa kwa tui jepesi badala ya zito, na samaki wa kupaka akapakwa kidogo. Mahamri, viazi karai, sambusa, chipsi na soseji zibaki kuwa vyakula vya nadra.

Chumvi yote ya siku haipaswi kufika gramu tano, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo katika mkate, viungo vya mchuzi vya pakiti na vyakula vya mikebe. Wanaopika mboga kwa magadi wakumbuke kuwa nayo yana sodiamu, hata kama ladha yake si ya chumvi. Limau, kitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili hurejesha ladha iliyopotea.

TAHADHARI KWA ANAYETUMIA DAWA

Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Hakuna mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi na limau uliothibitishwa kuzibua mshipa wa moyo. Mgonjwa aliyewekewa neli na kuacha dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari huhatarisha uhai wake, kwa kuwa damu inaweza kuganda ndani ya neli hiyo.

Baadhi ya vyakula vizuri pia huingiliana na dawa. Anayetumia warfarini asiache mboga za kijani wala asizile kwa wingi wa ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za kupunguza lehemu hadi kiwango cha kudhuru.

Chumvi mbadala yenye potasiamu ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini. Aliyebaki na moyo dhaifu huenda akapimiwa hata maji ya kunywa. Naye anayekusudia kufunga katika mwezi wa Ramadhani amwone daktari mapema, ili nyakati za dawa zipangwe na aelezwe iwapo kufunga kunamfaa.

CHUNGU KIMOJA

Katika jamii nyingi, mgonjwa huonyeshwa upendo kwa chakula. Jamaa humchinjia mbuzi, humpikia supu ya mifupa inayoelea mafuta, na wageni huja na soda na biskuti. Kuvikataa huonekana kama kuwadharau waliovileta. Ndiyo sababu familia inafaa kuwaeleza wageni mapema kuwa ndizi, mapapai na machungwa ndiyo zawadi inayofaa.

Kosa jingine ni kumpikia mgonjwa chakula chake peke yake, kisicho na ladha, ilhali wengine mezani wanakula nyama ya kukaanga. Mgonjwa huvumilia wiki mbili tatu kisha hurejelea sahani ya wenzake. Anayekula kibandani kila adhuhuri naye atahitaji kubeba chakula kutoka nyumbani, au kuchagua maharagwe na mboga badala ya chipsi.

Kwa sababu hizo, ushauri wa lishe ukitolewa kwa mgonjwa peke yake hupotea njiani. Familia iombe kuonana na mtaalamu wa lishe kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitalini, na anayepika, awe mke, mume, binti au mfanyakazi wa nyumbani, awepo kusikiliza na kuuliza maswali. Yeye ndiye atakayeshika chupa ya mafuta na kijiko cha chumvi kila jioni.

Familia nayo hufaidika. Mtoto au ndugu wa mtu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa na umri mdogo yuko katika hatari kubwa kuliko mtu wa kawaida, na chungu kinachobadilishwa kwa ajili ya baba au mama huwalinda na wanaokula pamoja naye.