Mufilisi si Mwizi: Safari ya Sheria ya Madeni Nchini Kenya



Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia, hata hivyo, atendewe nini yule asiyekuwa na chochote cha kulipia. Leo tunaitazama nchi jirani ya Kenya, ambako swali hilo limechukua zaidi ya miaka themanini kupata jibu.

Sheria ya ufilisi ya Kenya ilitungwa mwaka 1930, wakati wa ukoloni, kwa kufuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Tanganyika nayo ilipata sheria ya namna hiyo mwaka huo huo wa 1930. Mdaiwa aliyeshindwa kabisa aliweza kwenda mwenyewe Mahakama Kuu na kukiri kwamba hana uwezo wa kulipa. Mali yake iliwekwa chini ya ofisa wa Serikali, wadai wakaitwa mkutanoni, naye akahojiwa hadharani juu ya mapato na matumizi yake. Baada ya hapo mali iliuzwa, na wadai wakagawana kilichopatikana.

Lakini sheria hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wafanyabiashara wakubwa. Mwafrika hakuhesabiwa humo, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria nyingine za kuzuia asikopeshwe kama watu wengine. Asiyeruhusiwa kukopa angefilisika vipi? Tena, aliyetangazwa mufilisi hakufunguliwa na wakati. Ilimlazimu arudi mahakamani kuomba aondolewe jina hilo, na asipofanya hivyo aliweza kuzeeka nalo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, sheria hiyo ilibaki. Kando yake kilibaki pia kifungo cha madai, yaani mdaiwa kupelekwa jela kwa ombi la mdai wake. Basi mnyonge, ambaye hakuujua mlango wa ufilisi, aliujua vizuri mlango wa jela.

Mabadiliko yalianza mwaka 2010. Muda mfupi baada ya Katiba mpya kuanza kutumika, Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, alisikiliza shauri la mwanamke aliyefungwa kwa deni. Aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa kunapingana na Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na Kisiasa, ambayo Kenya iliyaridhia mwaka 1972. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilifafanua kwamba kifungo cha madai chenyewe hakikufutwa, lakini ni cha yule aliye nacho akakataa kulipa, wala si cha yule asiye nacho.

Hatimaye, mwaka 2015, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria mpya ya Ufilisi, na ile ya mwaka 1930 ikafutwa. Kwa sheria hii, mdaiwa hupeleka ombi mahakamani na kueleza kwa maandishi mali zake zote na madeni yake yote. Miaka mitatu tangu awasilishe maelezo hayo, kwa kawaida hufunguliwa bila kuomba tena, isipokuwa pametolewa pingamizi. Na mtu asiye na mali yoyote ya kuuzwa, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na 400,000 za Kenya, amewekewa njia nyepesi: humwomba ofisa wa Serikali anayesimamia ufilisi, na akikubaliwa, hufunguliwa baada ya miezi 12.

Si kwamba deni limekuwa mchezo. Deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi, na mufilisi ambaye hajafunguliwa hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge. Mdai naye ana haki yake, na pengine ni mnyonge vile vile.

Funzo la historia hii ni moja. Sheria ya haki huuliza kwanza: huyu hataki kulipa, au hawezi? Asiyetaka abanwe. Asiyeweza, kumfungia jela hakumlipi mdai hata senti moja. Kunawanyima tu watoto wake mkono uliokuwa ukiwatafutia chakula.