Ndai ya Dizeli Inakunywa Ngapi Kweli? Piga Hesabu Kabla Ugeuze Hiace Kuwa Keja ya Magurudumu

Tulitoka Kakamega Ijumaa saa kumi na moja asubuhi, mbogi ya wasee sita ndani ya Hiace ya dizeli. Viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa, ikawekwa kitanda, mitungi ya maji na jiko la gesi. Safari ni Lodwar, barabara ya A1 moja kwa moja: Webuye, Kitale, Kapenguria, mpaka ndani Turkana. Mwenye gari alikuwa ametuambia, "Hii ni 3.0, inaenda kilomita 12 kwa lita bila stori." Tukapiga hesabu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 800, gawa kwa 12, unapata lita 67. Tanki ni ya lita 70. Tukajaza, tukajua mambo imeisha.

Taa ya mafuta iliwaka tukirudi, karibu na Lokichar. Pale pale kwenye Kenya ilipata mafuta 2012, kisima cha Ngamia 1, sisi tuko juu yake tunauliza wasee wa boda nani anauza lita kumi za dizeli. Tulifika nyumbani poa, lakini ile faida tulikuwa tumeiwekea watu kwa bei ya trip yote iliingia kwa tanki. Nilipokaa chini na risiti, hesabu ikasema 7.5 kwa lita.

Sasa hii ndio sehemu iliniuma: mwenye gari hakuwa amedanganya. Ile 12 aliipata kweli. Aliipata akishuka Kisumu, gari tupu, mtu ni yeye peke yake.

Kama uko na form ya kununua van ya dizeli uifanye kempa, au mnataka kukodisha moja mwende raundi na mabeshte, soma hii kwanza.

Mileji si ya gari, ni ya safari

Watu huuliza "hii ndai inaenda ngapi?" kama vile ni namba ya chasisi. Haiko hivyo. Gari moja, dere mmoja, inaweza kukupa 11 leo na 7 kesho. Kenye kinabadilika ni uzito, mlima, mwendo, na masaa injini inanguruma bila gari kusonga.

Hata namba ya kiwanda haikusaidii sana. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na namba ya kilomita kwa lita ya kule inatoka kwa majaribio ya maabara: zamani 10-15 mode, halafu JC08, siku hizi WLTC. Hapo gari inazungushwa juu ya rola, haina kitanda, haina friji, haina mlima wa Maragoli.

Namba za mitandaoni nazo ziko na mtego mwingine. Wamarekani na Waingereza wote wanahesabu maili kwa galoni, lakini galoni zao si moja. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Maili 10 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 4.25 kwa lita. Maili 10 hizo hizo kwa galoni ya Uingereza ni 3.54. Ukichanganya hizo mbili umekosea hesabu kabla hata uwashe gari.

Kukupa picha tu, hizi ndizo namba za kawaida za dizeli barabarani:

- Hiace ya dizeli, 2.5 au 3.0: kama kilomita 8 hadi 11 kwa lita, ikibeba vitu vya kulala inashuka.
- Kempa za Ulaya zilizojengwa juu ya Fiat Ducato: kama 8 hadi 10.
- Land Cruiser ya 4.2 isiyo na turbo, ikiwa na hema juu: kama 7, wakati mwingine chini.
- Zile nyumba kubwa za Marekani zenye injini ya dizeli nyuma, saizi ya basi: kama 3 hadi 4.

Dizeli bado iko na faida yake. Lita moja ya dizeli hubeba nguvu kama asilimia 10 hadi 15 zaidi ya lita ya petroli, na injini yake haipotezi joto sana. Ndio maana gari nzito zinaipenda. Lakini faida si uchawi.

Mlima: deni kati ya Kisumu na Kakamega

Kila msee wa Kakamega anajua kushuka Kisumu ni raha na kurudi ni kazi. Wacha tuweke namba.

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Kakamega kama 1,530. Tofauti ni mita 400. Tuseme van yako ikiwa na watu na mizigo ina tani 3. Kuinua tani 3 mita 400 kunataka nguvu ya karibu megajuli 12. Lita ya dizeli iko na kama megajuli 36, lakini injini hugeuza kama theluthi tu kuwa nguvu ya kusukuma gari, ingine inapotea kama joto. Theluthi ya 36 ni 12. Kwa hivyo mlima peke yake unakula kama lita moja nzima, juu ya zile tano au sita za kawaida za hizo kilomita 50.

Ukishuka unarudishiwa kiasi, si yote. Kila ukikanyaga breki pale Riat, ile nguvu ulinunua ukipanda inageuka moto kwa breki na kupotea.

Sasa peleka hiyo hesabu safari ya Turkana. Kitale iko kama mita 1,900, Lodwar kama 500. Kurudi ni kupanda mita 1,400. Hiyo ni zaidi ya lita 3 za mlima tu, kabla uhesabu vile vilima vidogo vya katikati. Ndio maana taa yetu iliwaka tukirudi, si tukienda.

Kitu ingine: usishuke na gia ikiwa nyutro ukidhani unaokoa. Ukiwa na gia na mguu umetoka kwa aksela, injini ya dizeli hukata mafuta, taya ndizo zinaizungusha. Ukiweka nyutro inabidi ijilishe ndio isizime. Unachoma zaidi, na unabaki na breki peke yake kwa mteremko. Noma mbili kwa moja.

Keja iko na uzito wake

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi mitano ya lita 20 ni kilo 100, yaani mtu mzima mwenye mwili ambaye halipi fare. Ongeza mbao za kitanda, betri, gesi, friji, viatu vya watu sita. Bila kujua umeweka nusu tani.

Uzito unakuuma sana kwa mlima na kwa kusimama-kuanza. Chavakali siku ya soko utauona. Kwa barabara tambarare hausumbui sana. Solushoni ni rahisi: jaza maji karibu na kwenye mnalala, si Kakamega.

Upepo: adui hakuna anaona

Van ni boksi. Ukiweka keria na hema juu umejenga ukuta unaosukumana na hewa. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 100, umeongeza mwendo asilimia 25, lakini upepo unakusukuma asilimia 56 zaidi.

Kwa hivyo kile kipande kirefu cha kwenda Lodwar, kwenye kila dere anataka kuonyesha gari inaweza, ndicho kinamaliza tanki. Kukaa 80 ndio njia ya bei rahisi kabisa ya kuongeza mileji, hununui chochote. Angalia pia presha ya taya, juu taya laini inavuta gari nyuma siku nzima.

Kunguruma bila kusonga

Hapa ndipo kempa inatofautiana na mathree. Mathree ikisimama inazimwa. Kempa mnapaki, halafu mtu anasema "wacha iwake kidogo tuchaji simu." Injini ya saizi ya Hiace ikinguruma tu huchoma kama nusu lita hadi lita moja kwa saa, AC ikiwaka inaenda juu.

Tuseme 0.8 kwa saa, masaa matatu kila usiku, siku mbili. Hiyo ni karibu lita 5, na gari haijasonga hata hatua. Kwa 7.5 ni kilomita 36 umezichoma mkiskiza ngoma. Betri ya pili na sola ndogo juu ya paa inakutoa hiyo shida.

Hewa nyembamba

Kakamega hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 14. Ukipanda Mau Summit, juu ya mita 2,400, ni zaidi ya asilimia 20. Injini yenye turbo hujaza hiyo pengo. Ile ya zamani isiyo na turbo, kama 5L ya Hiace, inakosa hewa: inapoteza nguvu, unakanyaga zaidi, moshi mweusi unatoka. Ule moshi ni dizeli umelipia na haijachomeka vizuri. Ukiona moshi mweusi hata kwa tambarare, anza na filta ya hewa kabla fundi akuuzie injekta.

Venye unapima mwenyewe

Usiulize mtu. Hii njia haina gharama:

1. Jaza tanki mpaka nozeli ijikate yenyewe. Dizeli hutoa povu na inaweza kukata mapema, kwa hivyo ngoja povu ishuke, ongeza polepole mpaka ikate mara ya pili, basi.
2. Andika kilomita za dashibodi. Piga picha kabisa.
3. Endesha angalau kilomita 200, na urudi ulikotoka. Kakamega–Kitale na kurudi ni fiti, au Kisumu mara mbili. Kwenda bila kurudi ni uongo, ushaona hesabu ya mlima.
4. Rudi petrol station ile ile, pampu ile ile, jaza kwa staili ile ile.
5. Gawa kilomita kwa lita za risiti ya pili.

Mfano: ulianza 186,420, ukamaliza 186,836. Hizo ni kilomita 416. Risiti inasema lita 49.5. Gari imeenda 8.4 kwa lita.

Fanya mara tatu: gari tupu, gari imejaa, na gari imejaa na hema juu. Kama taya si saizi ya kiwanda, linganisha kwanza kilomita za dashibodi na za ramani ya simu, juu taya kubwa hufanya dashibodi ihesabu kidogo kuliko ukweli.

Kabla ulipishe watu

Hii ndio inauma wasee wanaotaka kufanya trip ziwe hustle. Tuseme lita ni bob 170. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi na kila mji uko na bei yake, kwa hivyo weka namba ya mwezi wako. Kilomita 800:

- Kwa 12: lita 67, bob 11,390.
- Kwa 7.5: lita 107, bob 18,190.

Tofauti ni bob 6,800. Kwa watu sita ni zaidi ya thao moja kila mtu, na hakuna atakuongezea mkiwa Lokichar. Na bei haisimami: Oktoba 2023 dizeli ilifika bob 205.47 Nairobi. Kwa hiyo bei, ile 7.5 inakutoa karibu 22,000.

Sheria yangu sasa ni tatu. Bajeti napiga na namba mbaya zaidi niliwahi pima, si ile nzuri. Naongeza asilimia 10 ya kupotea njia na daivashoni. Na lita 10 za mwisho za tanki sizihesabu kabisa: tanki ya 70 kwangu ni ya 60, na kwa 7.5 hiyo ni kilomita 450. Kutoka Kakamega inanifikisha Lodwar, basi. Ya kurudi najaza huko huko.

Usicheze na taa ikiwaka. Petroli ikiisha unaongeza unaenda. Dizeli ikiisha kabisa hewa inaingia kwa paipu, inabidi mtu apige ile pampu ya mkono ya filta kutoa hewa ndio iwake. Saa nne usiku kabla ya Kainuk hutaki kujifunza hiyo.

Na wachana na dizeli ya bei ya kutupa. Kuchanganya dizeli na mafuta taa ilikuwa biashara kubwa mpaka serikali ikaweka ushuru wa bob 18 kwa kila lita ya mafuta taa Septemba 2018. Mafuta taa haina nguvu kama dizeli kwa lita na hailainishi pampu ya injekta. Unaokoa mia tano leo, unalipa fundi makumi ya maelfu baadaye.

Wikendi tunarudi Turkana, gari ni ile ile. Mwenyewe bado anasema inaenda 12. Sisi tumechanga ya 7.5.