Bwanga Tshimen: mulinzi wa Lubumbashi aliyepata Ballon d'Or ya Afrika

Tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka wa 2025, kule Rabat, Achraf Hakimi wa Moroko alitangazwa kuwa muchezaji bora wa Afrika. Hakimi ni mulinzi. Ukiwaacha makipa, mulinzi wa mwisho kupata heshima hiyo kabla yake alitoka hapa Lubumbashi: Bwanga Tshimen wa TP Mazembe, mwaka wa 1973. Katikati yao imepita miaka 52.

Vijana wengi wa Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi wanajua Kidiaba na namna alivyoruka-ruka chini akishangilia goli. Wanajua Samatta na Trésor Mputu. Jina la Bwanga limebaki kwa wazee. Ni kawaida ya mupira: mwenye kufunga goli anabebwa mabegani, mwenye kuzuia anarudi nyumbani kwa muguu.

Lakini kazi ya mulinzi ni sehemu ya mashambulizi. Katika futuboli ya Kimarekani, ile ya mupira wenye ncha mbili inayochezwa sana kwenye vyuo vikuu vyao, kuna muchezaji anayeitwa taiti-endi. Anasimama mwishoni mwa mustari wa watu wanaozuia. Mara moja kazi yake ni kusukuma adui kwa kifua ili mwenzake apite na mupira. Mara ingine anatoka mbio yeye mwenyewe na kudaka mupira mbele. Adui hajui atafanya lipi, na pale ndipo nguvu yake iko. Mutu huyo akikosa kuzuia, mwenye mbio anaangushwa mbele hajapiga hatua tatu, hata akiwa na mbio namna gani.

Kwa mupira wetu wa miguu, mulinzi muzuri ana kazi mbili vilevile. Anamunyanganya adui mupira, kiisha anachagua utaenda wapi. Akiupiga ovyo, ekipe inarudi kujilinda. Akiupeleka kwa mwenzake aliye huru, shambulizi limeanza. Na kama washambuliaji wanajua kwamba nyuma kuna mutu wa kutegemewa, wanabaki mbele na wanasubiri nafasi.

Tuangalie sasa ekipe ya taifa ya Zaïre ya miaka ile. Mwezi wa 12 mwaka wa 1973, Zaïre iliipiga Moroko 3-0 kule Kinshasa na ikawa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kwenda kwenye Kombe la Dunia. Katika kura za gazeti France Football za mwaka huo, wa kwanza alikuwa Bwanga, na wa pili alikuwa Kazadi Mwamba, kipa. Wote wawili walikuwa wa Mazembe. Afrika nzima ilitafuta mashujaa wake, na iliwapata kwenye mustari wa nyuma wa Lubumbashi.

Pale nyuma hawakuwa peke yao. Mwepu Ilunga upande wa kuume na Mwanza Mukombo upande wa kushoto walikuwa pia wa Mazembe. Mbele kulikuwa watu wa Kinshasa: Mulamba Ndaye na Mayanga Maku wa Vita Club, Kakoko Etepe na Kidumu Mantantu wa Imana. Ni kama nyumba iliyojengwa na mafundi wawili: Lubumbashi ilichimba musingi, Kinshasa ikaweka bati.

Mwezi wa 3 mwaka wa 1974, kwenye Kombe la Afrika huko Misri, nyumba ile ilisimama vizuri. Zaïre ilikutana na Zambia, majirani wetu wa upande ule wa Kasumbalesa, katika mechi ya mwisho. Mechi iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaïre ikashinda 2-0. Magoli yote manne yalifungwa na Mulamba. Kwa jumla alifunga magoli 9 katika mashindano hayo, na hesabu hiyo inakumbukwa mupaka leo.

Miezi mitatu baadaye, kule Ujerumani, musingi ulipasuka. Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0. Wachezaji walieleza kwamba pesa walizoahidiwa hazikufika mikononi mwao, na kwamba waliingia kucheza na Yugoslavia wakiwa wamevunjika moyo. Watu wanakumbuka magoli 14 yaliyoingia. Wachache wanakumbuka kwamba Zaïre haikufunga hata moja. Mulamba yuleyule wa magoli 9 hakupata kitu. Nyuma ilipoanguka, mbele nayo ilikufa.

Toka siku hiyo, dunia ilichagua kukumbuka picha moja tu: Mwepu akitoka kwenye ukuta na kuupiga mupira mbali kabla Wabrazil hawajapiga frii-kiki yao. Walicheka, wakasema Waafrika hawajui sheria. Mwepu mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria aliijua na kwamba alifanya vile kwa kusudi. Alikufa mwaka wa 2015. Mutu aliyekuwa bingwa wa Afrika alikumbukwa kwa muchezo wa sekunde chache, na mwenzake aliyekuwa muchezaji bora wa bara zima hakukumbukwa kabisa nje ya inchi.

Kuna sababu ingine ya kuyashika majina haya. Muji huu ulijengwa na watu walioletwa au waliokuja kutafuta kazi ya shaba: kutoka Kasaï, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Mwaka wa 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni za treni zikingoja safari. Nyumba na vyombo viliachwa. Kumbukumbu za Mazembe hazikuachwa, na leo wazee wa Mbuji-Mayi na wazee wa Kamalondo wanataja wachezaji walewale.

Hakimi alifunga goli la kwanza la Paris Saint-Germain katika mechi ya mwisho ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka wa 2025, mechi iliyoisha 5-0 juu ya Inter. Leo makocha wanawafundisha walinzi kupanda mbele, na dunia inawapigia makofi.

Kwenye viwanja vya mavumbi vya mitaa yetu, mutoto wa familia iliyokimbia vita akifika na kuomba kucheza, mara nyingi anaambiwa akae nyuma, kwa sababu mbele kuna wenyeji. Anayemupanga pale amuambie pia kwamba ndiyo nafasi ya Bwanga.