Kimathi Alinyongwa kwa Bastola

Shule tuliambiwa Kimathi alinyongwa kwa kuongoza Mau Mau. Lakini cheki kesi yake ya 1956: shtaka lilikuwa bastola na risasi. Wakati wa Hali ya Hatari, Mwafrika akipatikana na risasi moja tu angeweza kunyongwa. Setla naye alikula na bastola kiunoni.

Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil ikafunga Nairobi. Askari nyumba kwa nyumba, waranti ni ya nini? Halafu unapitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia. Akitoa ishara, umeenda.

Juzi tao afande mmoja aliniambia nifungue simu aone meseji. Nikamtajia Kifungu cha 31 cha Katiba. Akacheka. Nikafungua.